Shangazi, rafiki yangu hamalizi vitabu ninavyompendekezea

Shikamoo Shangazi,

Nina rafiki ambaye tumeshibana tangu utotoni. Tofauti yetu ilikuwa kwenye vitabu. Mimi nimekulia kwenye riwaya za fantasia, zile zenye majoka, wachawi, falme zilizosahaulika na ramani kwenye kurasa za mwanzo. Yeye alikuwa akisoma historia na wasifu wa watu, na kila nikimtajia habari za uchawi alinijibu kwamba hizo ni ngano za watoto.

Mwaka jana akakutana na Piranesi ya Susanna Clarke. Sikumpa mimi, alikipata mwenyewe. Alikisoma usiku kucha, na asubuhi akanipigia simu sauti imemkauka: "Mbona hukuniambia kuna vitabu vya namna hii? Nataka kingine!" Shangazi, siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo. Miaka yote nimependa hadithi hizi peke yangu. Kuna wahusika niliowalilia, kuna vifo vilivyonikosesha usingizi, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza.

Nikamwandikia orodha ndefu. Nilianza kwa kumpa The Eye of the World ya Robert Jordan, kwa kuwa ndiyo iliyonivuta mimi, nikamwambia akiimaliza zimebaki juzuu 13 na utamu ndiyo kwanza unaanza. Akaishia njiani. Nikampa The Lord of the Rings, nakala yangu mwenyewe, ile niliyoandika maoni yangu pembezoni. Nayo iko kwake mpaka leo. Nikimuuliza amefika wapi ananiambia "naenda nayo polepole," halafu anageuza mazungumzo. Siku hizi hata simu zangu anazipokea kwa kusitasita, kana kwamba nimemkopesha fedha na nimekuja kudai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kusoma anasoma! Amejitafutia Uprooted ya Naomi Novik, amekipenda mno, akaniletea na mimi. Nimekisoma chote kwa heshima yake. Sikukichukia, lakini habari za mapenzi kati ya yule binti na yule mchawi zilinichosha, na nilitamani kuona ulimwengu mpana kuliko lile bonde na msitu wake. Sasa ananiuliza nimekionaje. Nikimwambia kweli naogopa kumvunja moyo, maana ndiyo kwanza anaanza. Nikimdanganya ataniletea vingine vya aina hiyohiyo.

Naomba unishauri. Niendelee kumpendekezea vitabu au niache kabisa? Nimwambie nini kuhusu hicho alichonipa? Na ile nakala yangu, niidai au ninyamaze?

Wako,
Mpenzi wa Majoka

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Wapo watakaosoma barua yako na kusema haya ni mambo madogo. Mimi siyaoni madogo. Mtu akikupa kitabu alichokipenda anakuonyesha mahali moyo wake ulipoguswa, na kitabu hicho kikikaa miezi bila kufunguliwa, anayekaa akisubiri ni yeye. Naelewa kwa nini umeumia.

Lakini niruhusu nianze na rafiki yako, kwa sababu ndani ya barua yako amesema mengi kuhusu anachokipenda, na orodha yako haikuyajibu.

Tazama alichokipenda kwanza. Piranesi ni kitabu kifupi kinachojitegemea. Kimeandikwa kama shajara ya mtu mmoja anayeishi ndani ya Nyumba isiyo na mwisho, kumbi zikifuata kumbi, zote zimejaa sanamu, bahari inajaa na kupwa kwenye kumbi za chini, na mawingu yametanda kwenye kumbi za juu. Msomaji haelezwi pale ni wapi wala yule mtu amefikaje. Anaokota dalili moja moja mpaka mwenyewe anaanza kushuku yale anayoambiwa. Kisha tazama alichokichagua bila msaada wa mtu. Uprooted nacho kinajitegemea. Nacho kinasimuliwa na mtu mmoja kwa nafsi ya kwanza. Na ule Msitu uliouona mdogo ndio roho ya kitabu: una nia yake, una chuki yake, unawachukua watu na kuwarudisha wakiwa wameharibika ndani. Nyumba, halafu Msitu. Rafiki yako anapenda fumbo, anapenda sauti ya mtu mmoja inayosikika kwa karibu, na anapenda mahali ambapo penyewe ni mhusika. Na kwa mtu aliyezoea kusoma wasifu hilo halinishangazi, maana kumfuata mtu mmoja mpaka ndani ya nafsi yake ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku zote.

Wewe ulimpa The Eye of the World. Sitaki usikie naidharau kazi ile, naiheshimu sana. Juzuu ya kwanza ilitoka 1990. Jordan akafariki 2007 kabla hajafika mwisho, na Brandon Sanderson akaandika juzuu tatu zilizobaki akifuata maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu, ya mwisho ikatoka 2013. Kuna watu walioianza wakiwa wanafunzi wakaimaliza wakiwa wazazi. Ni ulimwengu wenye mataifa, majeshi, nasaba na historia ya maelfu ya miaka, na umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuhamia huko na kukaa. Rafiki yako hakuomba kuhama. Aliomba fumbo jingine, naye akaambiwa ana juzuu 14 mbele yake. Hata msomaji hodari angeingiwa na uzito.

Hili nawaona nalo wapenzi wengi wa fantasia. Kwa kuwa wao wanaipenda yote, wanadhani aliyefurahia kitabu kimoja ameshafurahia vyote. Hata jina la mwandishi mmoja si kipimo. Anayemaliza Piranesi, iliyotoka 2020, akakimbilia kitabu cha kwanza cha mwandishi huyohuyo, Jonathan Strange & Mr Norrell cha 2004, atakuta Uingereza ya wakati wa vita vya Napoleon, kurasa zinazokaribia mia nane, na tanbihi ndefu zinazosimulia visa vyake zenyewe. Mimi nakipenda kitabu hicho kwa moyo wote, tanbihi zile hasa. Ila mtu aliyekuja akitafuta ule ukimya wa Nyumba atahisi amegonga mlango wa jirani.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: usiache kumpendekezea, ila anza kwa kumuuliza. Na usimuulize "unapenda vitabu vya aina gani," kwa sababu swali hilo hata sisi tuliosoma maisha yetu yote linatushinda. Muulize ni sehemu gani ya Piranesi aliyoirudia. Muulize ni wapi alipoichoka The Eye of the World, na ukiuliza hivyo uwe umejiandaa kusikiliza bila kuitetea. Akisema majina yalikuwa mengi, hiyo ni habari muhimu. Akisema safari ilikuwa ndefu kabla mambo hayajachangamka, hiyo nayo ni habari. Muulize pia anasoma saa ngapi. Anayesoma nusu saa kabla ya kulala hawezi kubeba kitabu chenye wahusika mia, kila jioni atakuwa amesahau nani ni nani.

Kuna na jambo la kumuonya mtu mapema, ambalo wapendekezaji hulisahau kwa sababu ya furaha. The Fifth Season ya N. K. Jemisin ni kati ya vitabu bora vya fantasia vya miaka ya karibuni. Trilojia yake, yaani vitabu vitatu vinavyofuatana, ilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za fantasia na za sayansi ya kubuni, kwa miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kila juzuu na tuzo yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Lakini kinaanza na mama aliyemkuta mwanawe mdogo ameuawa na baba yake mwenyewe. Mtu aliyefiwa karibuni ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajakifungua. Vilevile mwambie kama mfululizo umekamilika au la. Ule wa George R. R. Martin ulioanza 1996 ulifika juzuu ya tano 2011, na wasomaji wake wameingoja ya sita kwa zaidi ya mwongo mmoja. Wapo wanaokubali kungoja kwa moyo mkunjufu, wapo wanaojiona wamedhulumiwa. Mwache aingie akiwa anajua.

Ukinitaka nikutajie kitabu cha kumpa, ningeanza na A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha 1968. Ni kifupi. Kinamfuata kijana mmoja tu, Ged, mwenye kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi, ambaye kwa kutaka kujionyesha anafungulia kivuli kinachomwinda kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka siku anapoamua kugeuka na kukifuata yeye. Majeshi hayana nafasi kubwa humo. Kuna bahari, upweke, na fumbo la kivuli kile ni nini. Vipo vitabu vilivyokifuata, lakini hicho cha kwanza kinakamilika chenyewe, kwa hiyo usimtajie vingine mpaka aulize. Kwako wewe kuna na joka humo, na mazungumzo ya Ged na joka hilo ni kati ya kurasa nizipendazo kuliko zote katika fantasia.

Na kwa kuwa mnasoma Kiswahili, kuna Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, na Mzingile iliyoifuata mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, vigumu, ndoto na falsafa zimeshikana humo usijue wapi moja inaishia. Watu wengi walikutana navyo kama vitabu vya kujibia mitihani na wakavichukia, jambo linalonisikitisha. Aliyependa kuzunguka ndani ya Nyumba ya Piranesi bila kuelezwa yuko wapi ana macho ya kuvisomea. Na siku akirudia tena ile kauli ya ngano za watoto, mkumbushe kwamba Shaaban Robert alipotaka kusema juu ya haki na dhuluma ya watawala, mwaka 1951, alibuni Kusadikika, nchi inayoelea angani.

Ila mpe kimoja. Orodha ndefu humfanya mtu ajione amechelewa kabla hajaanza. Mwambie kwa sentensi mbili kwa nini umemfikiria yeye, mfano: "Humu kuna mtu mmoja anayekimbizwa na kitu asichokijua jina, nikakumbuka ulivyolipenda lile fumbo la Nyumba." Usimwambie "lazima utakipenda," usimmalizie uhondo, na umwambie waziwazi kwamba akichoka akiache na hutauliza. Kisha kweli usiulize. Hilo la mwisho ndilo litakalokuwa gumu kwako, nakuambia mapema.

Sasa nije kwako mwenyewe. Umeandika kwamba hukuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza, na mimi naamini hapo ndipo penye kiu yako. Ulipompa vitabu vile hukuwa unamtafutia yeye kitabu kizuri tu. Ulikuwa unajitafutia mwenzako, mtu wa kusimama naye palepale uliposimama peke yako ukilia. Haja hiyo ni halali kabisa, na sitaki uione aibu. Lakini kitabu kimoja kikibebeshwa kazi zote mbili, kumfurahisha yeye na kukuondolea wewe upweke, msomaji anauhisi uzito huo kila akigeuza ukurasa. Ndiyo maana akiona simu yako anasita. Anajua unachongoja kusikia na hana.

Zitenganishe haja hizo. Kwa ajili yake, mpe kitabu kinachomfaa. Kwa ajili ya urafiki wenu, tafuteni kitabu ambacho nyote wawili hamjakisoma, mkianze siku moja, mkubaliane mnaishia sura ya ngapi kila wiki, halafu mpigiane simu. Humo hakuna mwenyeji na mgeni. Wewe hutakuwa unamchungulia usoni kuona kama amefika pale unapopajua, kwa sababu hata wewe hupajui. Mtakosea pamoja kukisia mwisho, na hiyo ni raha ambayo kwa vitabu ulivyokwisha kuvisoma hutaipata tena. Chagueni chenye juzuu moja, na sura zisiwe ndefu.

Na yale machozi yako ya zamani msimulie kwa mdomo. Mwambie ni nani aliyekufa, alikufaje, na kwa nini ulikosa usingizi. Kama ni kitabu ambacho ameshaamua hatakisoma, hakuna uhondo unaoharibika. Rafiki aliyeshibana nawe tangu utotoni atakusikiliza nusu saa nzima, mradi hakuna mtihani mwishoni.

Kuhusu Uprooted, mwambie kweli, lakini uiseme yote. Umeandika kwamba hukukichukia, basi kuna kilichokushika. Kama uchawi wa yule binti, unaokwenda kwa kuhisi na kuimba huku wa mwalimu wake ukienda kwa kanuni, ulikuvutia, sema. Kama Msitu ulikutisha, sema ni ukurasa gani. Halafu mwambie habari za mapenzi hazikukugusa na ungependa kuona mbali zaidi ya bonde lile. Akuulize kwa nini, mbishane kidogo. Kusifia kila kitu kunamnyima mtu mazungumzo, na yeye anayahitaji kama wewe, ndiyo maana amekuuliza.

J. R. R. Tolkien na C. S. Lewis, waliofahamiana Oxford, walikutanishwa na mapenzi ya ngano zilezile za kale za kaskazini ya Ulaya. Tolkien alikuwa akimsomea Lewis The Lord of the Rings ingali muswada, na baadaye alikiri kwamba bila Lewis kumhimiza asingeimaliza. Lewis naye alipoandika hadithi za Narnia, ya kwanza ikatoka 1950, Tolkien hakuzipenda, na hakuficha. Watu wawili waliojua fantasia kuliko karibu mtu yeyote wa zama zao, na bado kitabu cha mmoja hakikumwingia mwenzake. Sioni kwa nini wewe na rafiki yako mtake zaidi ya hapo. Kipimo chenu kiwe kama mnaweza kuambiana.

Imebaki nakala yako yenye maoni pembezoni. Iombe, na uiombe wiki hii, kwa sababu kadiri inavyokaa kwake ndivyo inavyomlemea. Usimpigie simu kwa ajili hiyo, mwandikie ujumbe mfupi: "Naomba ile The Lord of the Rings yangu, nataka kuirudia. Usijali kuimaliza, nilikupa kitabu kirefu wakati uliomba kifupi. Nikija kuichukua nitakuletea kingine chembamba, na tuongee kuhusu Uprooted, nina maneno nacho." Akiirudisha, ipokee bila kufungua ukurasa alioishia. Akisema bado anaitaka, mwachie, na kuanzia hapo yeye ndiye atakayekuambia amefika wapi.

Shangazi